Kimya na Waridi la Mama Mkwe

Vinyozi wengi hufanya kazi kwa mkono na mdomo. Kinyozi wa mtaa huu alitumia mkono peke yake. Uliketi kwenye kiti chake, akakufunga shuka shingoni, akakuuliza kwa nyusi unataka mtindo gani, nawe ukaonyesha kwa kidole. Kuanzia hapo mpaka unapigwa poda kisogoni hukusikia kitu ila mashine ikinguruma na mkasi ukitafuna nywele. Wateja wakambandika jina la Kimya, na wengine walimpenda kwa hilo hilo. Mtu aliyetoka kugombana nyumbani alipata pale nusu saa ya kupumzisha masikio.

Siri ya ukimya huo waliijua watu wawili tu, yeye na mkewe. Kimya alikuwa na kigugumizi. Tangu utotoni maneno yalikuwa yanamjia vizuri mpaka kwenye meno, halafu yanakwama hapo. Shuleni walimcheka, wakamwigiza, mpaka akaona heri afunge mdomo. Ukubwani akawa anaishi na maneno machache aliyoyazoea, yale yasiyomwaibisha mbele za watu: ndiyo, haya, karibu, asante. Maneno yaliyoanza na herufi m aliyakimbia kama ugonjwa.

Sasa mtu wa namna hiyo akaenda kuoa binti wa opereta wa simu.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa miaka thelathini kwenye swichibodi ya posta kuu, vidude vya kusikilizia vikiwa masikioni, akiunganisha watu kwa sauti iliyojulikana mji mzima. Alipostaafu, mdomo haukustaafu. Aliongea na majirani, na redio, hata na birika lilipochelewa kuchemka. Na binti yake alimletea mkwe gani? Mtu anayesema "Shikamoo" halafu basi, kama mtu aliyesalimia mlango.

"Miaka kumi na minne," alikuwa akimwambia binti yake, "miaka kumi na minne mumeo hajawahi kuniita mama. Hata mara moja. Anajisikia huyo. Anatuona sisi si kitu."

"Mama, hana maneno tu."

"Maneno hana, au hataki kunipa mimi?"

Binti alikuwa ameapishwa na mumewe kabla ya ndoa asiitoe siri ile kwa mtu yeyote, na zaidi ya wote kwa mama yake. Kimya aliona haya kuliko mtu anavyoweza kueleza. Kila alipokutana na mkwewe, lile neno mama lilimsimama kooni mfano wa mwiba wa samaki, naye akalimeza akainamisha kichwa.

Basi mwaka ule, msimu wa mvua ulipoanza, mama mkwe akateleza kwenye ngazi za nyumba aliyopanga, ghorofa ya tatu, akavunjika nyonga. Hospitali wakamlaza kumfanyia upasuaji, wakasema atakaa wiki kadhaa, na akitoka asipande ngazi tena. Ikaamuliwa ahamie kwa binti yake. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili na kibaraza, lakini ilikuwa ya chini, na kitanda cha ziada kilipatikana. Vyombo vyake vingine vikagawiwa kwa jamaa. Vilivyoletwa kwa Kimya vilikuwa sanduku la nguo, redio, na chungu kikubwa kilichobebwa na wanaume wawili huku wakigumia.

Ndani ya chungu kile mlikuwa na waridi la jangwani. Kama hujaliona, ni mmea wenye shina nene lililofura chini kama chupa, ngozi yake ya kijivu na laini, na juu yake matawi mafupi yenye majani machache yanayong'aa. Tumboni mwa shina ndimo mmea unamoweka akiba ya maji. Ukichanua, maua yake hupendeza mpaka mtu anasimama. Hili mama mkwe alilipanda kwa mbegu wakati binti yake ana umri wa miaka sita, na lilikuwa limekua polepole pamoja na mtoto. Alilipenda kwa kiasi kwamba hata kwenye machela, maumivu yakimkata, alimshika binti yake mkono akasema, "Mwambie mumeo alitunze kama mboni ya jicho. Na maji..." Hapo akaeleza habari ya maji.

Tatizo ni kwamba binti alikuwa anafanya kazi kiwanda cha mikate, anaamka alfajiri watu wamelala, na siku ile alikuwa hajafumba macho kwa siku mbili. Aliporudi nyumbani alisema, "Mama kasema waridi lake ulitunze kama mboni ya jicho. Na kuna jambo alisema kuhusu maji. Sikumbuki vizuri. Nadhani alisema usisahau maji."

Kimya hakusahau. Alilinywesha asubuhi kabla ya kwenda dukani na jioni aliporudi. Aliona hapa ndipo pa kumwonyesha mkwewe, bila kufungua mdomo, kwamba anamheshimu. Mvua nayo ilikuwa inaongeza ya kwake kibarazani. Wiki ya pili majani yakaanza kugeuka manjano. Akasema moyoni lina kiu, akaongeza maji. Majani yakadondoka. Mteja mmoja akamwambia labda ni jua, ingawa jua lenyewe lilikuwa halijaonekana siku nne. Akalisogeza ukutani, akaongeza maji. Asubuhi moja akaligusa shina, kidole kikazama kama kwenye papai lililoiva kupita kiasi. Harufu iliyomjia ilimfanya akae chini pale pale sakafuni.

Akaling'oa kwenye chungu, akalibeba begani mpaka kwa mama muuza miche, aliyekuwa anapanga mimea yake kwenye makopo ya rangi karibu na kituo cha mafuta. Mama yule akalitazama shina, akalibonyeza, akanusa kidole chake.

"Kaka, hili ulikuwa unalinywesha mara ngapi?"

Kimya akainua vidole viwili.

"Mara mbili kwa mwezi?"

Akatikisa kichwa.

"Kwa wiki?"

Akatikisa tena.

"Usiniambie ni kwa siku."

Kimya akatazama viatu vyake. Muuza miche akashika kiuno, akacheka, kisha alipoona uso wa mteja wake akaacha kucheka. "Mizizi imekwisha, imeoza yote. Lakini huku juu bado kuna uhai. Chukua wembe mkali. Kata kuanzia chini, ukate mpaka ufike kwenye nyama nyeupe isiyo na hata nukta ya rangi ya kahawia. Ukiacha nukta moja, itaendelea. Kila ukikata, futa wembe kwa spiriti. Pakaa unga wa mkaa kwenye kidonda, halafu liache likauke mahali penye hewa, wiki mbili au zaidi, bila udongo, bila maji. Utomvu wake ni sumu, usijiguse macho. Litakubali au litakataa, hapo si wewe wala mimi."

Kimya alishukuru, akataka kuondoka, lakini macho yake yakatua kwenye waridi jingine la jangwani, limesimama pembeni kwenye kopo, umbo karibu lile lile na unene unaokaribiana. Mkwewe alikuwa anatoka hospitali Ijumaa. Alisimama pale akisukumana na dhamiri yake, na dhamiri ikashindwa. Akaondoka na mimea miwili.

Mkewe alipoona mche mgeni ndani ya chungu cha mama yake, alishika mdomo. "Mume wangu, unamjua mama? Sauti ya mtu aliyepiga simu mara moja tu aliikumbuka baada ya mwaka mzima. Ukimdanganya utakiona."

"A-atalia," alisema Kimya.

"Afadhali alie kuliko akujue mwongo."

Lakini kulikuwa na jambo moja alilolifanya sawasawa. Jumapili asubuhi alikwenda dukani peke yake, mlango ukiwa umefungwa, akatandaza shuka la kunyolea juu ya meza, akalilaza lile shina. Alichukua wembe wake mzuri kuliko zote. Kata ya kwanza, kahawia. Akafuta wembe. Kata ya pili, kahawia. Aliendelea hivyo, vipande vyembamba kama sarafu vikianguka mezani, naye akifikiri kwamba miaka ishirini na sita ya mtu inamalizikia mkononi mwake. Lilipobaki pande kama ngumi mbili, na matawi matatu mafupi, nyama ikatoka nyeupe. Akakata mara moja zaidi ili awe na hakika. Akapaka mkaa, akalifunga kamba, akalitundika kwenye msumari karibu na dirisha la nyuma.

Ijumaa mama mkwe akafika na fremu yake ya kutembelea, hatua moja moja, binti yake nyuma. Alipita kibarazani, akakitazama chungu kwa muda wa pumzi moja, akaingia ndani.

Hakusema kitu. Chakula cha jioni alikula bila kusema kitu. Jumamosi hivyo hivyo. Jumapili majirani walikuja kumpa pole, akawajibu kwa kichwa. Mwanamke aliyekuwa anaongea hata na birika sasa alikaa kwenye kiti cha kibarazani, redio ikisema peke yake, macho kwenye ule mche mgeni. Kimya, ambaye maisha yake yote alikuwa amekimbilia ukimya kama watu wanavyokimbilia kivuli, alikuta kwamba ukimya wa mtu mwingine haukaliki.

Jumatatu, saa nne asubuhi, alimwacha mteja mmoja akisubiri, akavua aproni, akatembea mitaa mitatu mpaka nyumbani. Mkewe alikuwa bado kazini. Mkwewe alikuwa kibarazani. Kimya akasimama mbele yake, mikono nyuma, jasho likimtoka.

"M-m-m..."

Neno likakwama, lile lile. Akafumba macho, akajaribu tena. "M-m-m..." Mishipa ya shingo ikamsimama. Alitaka kugeuka akimbie.

Mama mkwe alikuwa ameinua kichwa. Akanyoosha mkono, akazima redio.

"Endelea," alisema taratibu. "Laini iko wazi. Mimi sikati."

"Ma-ma-mama," alisema Kimya, na baada ya hilo mengine yakafuata, yakijikwaa na kuinuka. "Huu m-mmea si wako. Wako n-niliujaza maji. Ukaoza. N-nikaogopa. Huu n-nimenunua."

Ilichukua muda mrefu kuliko inavyochukua kusoma hapa. Mkwewe hakumwangalia mdomoni, wala hakumsaidia hata neno moja, kama watu wengi wanavyofanya wakidhani ni wema. Alisubiri tu.

"Kuhusu mmea," alisema mama mkwe, Kimya alipomaliza, "nilijua nilipoweka fremu yangu kwenye kibaraza hiki. Wangu una kovu shinani, hapa. Mkeo aliuangusha akiwa na miaka kumi, anakimbiza mpira ndani ya nyumba. Nilikuwa nimekasirika. Nilisema nitanyamaza mpaka nione mtanichezea akili hadi lini." Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni ingawa haikuwa na vumbi. "Lakini hilo la ulimi ni la tangu lini?"

"U-utotoni."

"Na mimi miaka yote hii nasema unajisikia."

Mama mkwe akatazama barabarani.

"Kulikuwa na bwana mmoja," alisema, "alikuwa anapiga kila Jumatatu kumtafuta kaka yake mji wa mbali. Jina la mji lilikuwa linamshinda kutamka. Wenzangu walikuwa wanamkatia, wanasema anapoteza muda. Mimi nilikuwa namsubiri. Dakika mbili, tatu, mpaka aseme. Nilikuwa najisifu kwa hilo, unajua? Kumbe mtu baki nimemsubiri kwenye waya, mume wa mwanangu sikumsubiri sebuleni." Alirudisha miwani machoni. "Haya. Kilichobaki kiko wapi?"

"D-dukani. N-nimekitundika."

"Umeninyongea mmea wangu juu ya kuuzamisha?"

Kimya akamtazama kwa hofu, akaona pembe ya mdomo wake inatetemeka, na hapo wote wawili wakaangua kicheko ambacho mkewe, akiingia mlangoni na mkate mkononi, alidhani ni kilio.

Kesho yake mama mkwe akataka apelekwe dukani. Alitumia karibu saa nzima kwa umbali wa dakika kumi. Alipofika akakalishwa kwenye kiti cha wateja, akaletewa lile pande la shina. Akaligeuza mkononi, akalipapasa kidonda kilichokwisha kukauka, akatafuta lile kovu lake, likawepo, juu kidogo ya mahali wembe ulipopita. "Umekata vizuri," alisema. "Daktari aliyenikata mimi hakukata vizuri hivi."

Siku zilipotimia wakalipanda kwenye mchanga wa chembe kubwa uliochanganywa na kokoto, dirisha la mbele, ambako jua la asubuhi liliingia bila kizuizi. Mama mkwe alipiga marufuku chupa ya kupulizia maji isilikaribie. Kila asubuhi Kimya aliliangalia, na kila asubuhi lilikuwa vile vile, kama jiwe lenye vijiti. Wiki tano likakaa hivyo. Wiki ya sita, kwenye ncha ya tawi moja, akaona kitu cha kijani kisichozidi kichwa cha kiberiti. Alitembea haraka mpaka nyumbani kuleta habari, na njiani akamsalimia kila mtu kwa sauti. Muuza magazeti aliyemjua miaka minane alimgeukia kuangalia kama ni yeye.

Tangu hapo mama mkwe akawa na kiti chake pale dirishani. Asubuhi alikuja na fremu, baadaye na mkongojo mmoja. Wateja wakampa jina la Mama Opereta, wengine wakawa wanakuja hata nywele hazijaota, mradi wapate mazungumzo. Alijua mgonjwa wa nani amepona na binti wa nani ameposwa. Na pale kati, akiwa anaongea, alikuwa na tabia ya kusimama na kumgeukia mkwewe: "Au wewe unaonaje?" Halafu anasubiri. Mwanzoni duka zima lilikuwa linajikuna kwa kuona haya. Baada ya miezi michache lilizoea kusubiri. Mzee mmoja aliyejaribu kummalizia Kimya sentensi aliambiwa, "Bwana, hiyo simu si yako."

Isidhaniwe kigugumizi kiliisha. Hakikuisha. Kulikuwa na siku kilimbana asitoe hata jina la mteja, akarudi kwenye nyusi zake. Lakini Kimya alikuwa anamwita mama, kwa "ma" mbili au tano kadiri siku ilivyoamka, na mkwewe aliitika zote.

Mwaka wa pili, mvua zilipokatika, waridi la mama mkwe likachanua, maua manne mekundu ya kukolea kama maji ya zambarau. Lile jingine, ambalo sasa familia yote ililiita Tapeli, lilikuwa limeletwa nalo dukani, likatoa maua ya rangi ya waridi iliyofifia, yenye kingo nyeupe.

"Afadhali ulinidanganya," alisema mama mkwe akiyatazama yote mawili. "Hili langu likiwa peke yake halikuwahi kushika mbegu. Tumpe Tapeli kazi. Niletee unywele mmoja mgumu."

Unywele haukuwa taabu katika duka lile. Kimya aliuchukua kutoka kwenye brashi ya shingo, akauingiza kwenye koo la ua moja, akauzungusha taratibu, akauhamishia, pamoja na chavua iliyoshika, kwenye ua la mmea wa pili. Ilihitaji mkono usiotetemeka, na mkono wake haukuwahi kuwa na kigugumizi. Alifanya hivyo siku kadhaa. Maua mengi yakaanguka bure, lakini moja likaacha nyuma yake pembe mbili ndogo za kijani, zimetazamana kama pembe za mbuzi. Zikarefuka miezi mitatu, zikawa za kijivu.

"Zifunge uzi," mama mkwe aliagiza. "Zikipasuka zenyewe, mbegu zina manyoya, zitaruka zote."

Kimya alifunga moja. Ya pili akasema ataifunga baada ya mteja huyu, na mteja huyu akafuatwa na mwingine, maana ilikuwa Jumamosi na benchi lilikuwa limejaa. Saa tano, feni ikizunguka kwa nguvu zote, pembe ikapasuka.

Mbegu zilitoka moja moja, kila moja na kishungi cha manyoya kila ncha, zikapanda juu na upepo wa feni, zikatawanyika duka zima. Moja ilitua kwenye povu la shavu la dereva wa lori. Nyingine ikaingia kwenye nywele za mwalimu aliyenyolewa upande mmoja. Mtu mmoja akainua taulo ajifute.

"M-m-msi-msifute!" Kimya akapiga kelele, sauti ambayo wengi hawakujua kama anayo. "M-mtu asisogee! Z-zimeni feni!"

Hakuna aliyesogea. Dereva wa lori alikaa na povu lake, macho yameelekea puani kuitafuta ile mbegu, huku Kimya akiipapatua kwa kibanio. Mama Opereta alikuwa amesimama bila mkongojo, akielekeza kwa kidole hapo mbele ya kiti chake: ile pale kwenye kola, ile chini ya benchi, wewe usikanyage, inua mguu. Mwalimu alipiga magoti na nusu ya kichwa chake bila nywele, akapapasa sakafuni kati ya nywele za watu wengine. Waliokota thelathini na moja, wakaziweka kwenye kifuniko cha kopo la poda.

"Zitakuwa za rangi gani?" dereva wa lori aliuliza, povu limekwisha kumkaukia.

Kimya akamgeukia, wembe mkononi, akaanza kumweleza kwamba mbegu ya mimea miwili haitabiriki, inaweza kufuata mama au ikatoka na rangi yake yenyewe. Maelezo yalikuwa marefu, yalikwama mara kadhaa katikati, na benchi zima lilinyamaza kumsikiliza.